Pasi ya Siku Moja

Wamarekani hawapendi kuzungumzia matabaka, lakini viwanja vyao vya ndege vimeyaanika kwa vioo na mazulia. Kwenye ukumbi wa wote, abiria wamekaa sakafuni kando ya ukuta kwa kuwa hapo ndipo palipo na soketi ya umeme. Watoto wamelala juu ya makoti. Foleni ya kahawa imezunguka nguzo, na kikombe kimoja kinauzwa kwa bei ya sahani mbili za wali samaki pale Kariakoo. Hatua chache kutoka hapo kuna mlango wa kioo kizito, mhudumu nyuma ya meza, na ngazi inayopanda hadi mahali ambapo zogo la ukumbini halifiki. Hiyo ndiyo launji. Anayeingia humo ana tiketi ya daraja la kwanza, au amelipa ada ya mwaka, au amesafiri mno hadi shirika likamtunuku kadi ya dhahabu. Ipo na njia ya nne, ndogo, isiyo na heshima kubwa machoni pa hao wengine: pasi ya siku moja iliyopatikana bure. Katika viwanja nilivyopita Marekani, hakuna kitu kidogo kilichonifikirisha kama pasi hiyo. Supu na mvinyo wa humo ndani si hoja. Ninavyoona mimi, thamani ya pasi ilitokana na jambo moja: aliyeipata angeweza kumpa mwenzake, hata asiyemjua kwa jina. Sasa mashirika, kwa sababu zinazosikika kuwa za busara, yanaivua sifa hiyo.

Launji haikuanza kama bidhaa. Ya kwanza ya shirika la ndege ilifunguliwa na American Airlines mwaka 1939 katika uwanja wa LaGuardia, New York, ikaitwa Admirals Club. Jina lilikuwa na mzaha wa kibiashara ndani yake: shirika, chini ya rais wake C. R. Smith, lilizipa ndege zake cheo cha meli kuu zinazobeba bendera ya kamanda, basi abiria liliotaka kuwaridhisha wakawa maadmirali. Hapakuwa na ada. Mtu alialikwa, na waliokuwa wakialikwa ni wakubwa wa siasa, wenye makampuni na watu maarufu. Kwa hiyo humo ndani palikuwa bure tangu mwanzo, ila bure kwa wale ambao wangeweza kulipa. Miongo ilipopita uanachama ukaanza kuuzwa kwa yeyote mwenye pesa. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1978 iliyoondoa mkono wa serikali katika kupanga nauli. Kabla ya hapo bodi ya serikali ndiyo iliyoamua nauli ya kutoka mji hadi mji, na kwa vile mashirika hayakuweza kushindana kwa bei, yalishindana kwa minofu, nafasi ya kunyoosha miguu na tabasamu. Baada ya sheria nauli zilishuka na watu wa kawaida wakapanda ndege kwa wingi, jambo jema ambalo sitalibishia. Lakini vilivyokuwa ndani ya tiketi moja vikaanza kukatwa vipande na kila kipande kikapewa bei yake: begi, kiti cha dirishani, chakula, na hatimaye utulivu wenyewe.

Wapo wanaodhani haingewezekana vinginevyo. Hao ningewapeleka Dulles, uwanja ulio nje ya Washington, uliofunguliwa mwaka 1962. Msanifu wake, Eero Saarinen, mzaliwa wa Finland, aliuwekea paa linaloning'inia kati ya safu mbili za nguzo zilizoinama, na wapiga picha wameliona hilo tu. Jambo kubwa zaidi liko nyuma ya jengo. Saarinen aliona kwamba abiria wanachoshwa na kutembea korido baada ya korido, akabuni sebule zenye magurudumu. Ni gari pana na refu, lenye viti na madirisha, lililoegeshwa mlangoni mwa jengo. Abiria aliingia, akaketi, na sebule yenyewe ikaondoka naye hadi ilipo ndege. Hapakuwa na swali la kadi. Mwenye tiketi ya mwisho wa bei na mwenye ya kwanza walikaa humo humo. Magari hayo yangalipo na yanafanya kazi, ingawa siku hizi huhamisha watu kutoka jengo moja hadi jingine na kuwafikisha wageni wa kimataifa kwenye dawati la uhamiaji. Ndege ya Ethiopian ikitua kutoka Addis Ababa, ikiwa na Watanzania, Waganda na Warundi waliobadilishia huko, abiria mara nyingi humalizia safari ndani ya mojawapo: wamesimama wamebanana, mkono juu ya chuma, mfuko wa mkononi kati ya miguu, macho mekundu kwa usingizi, huku gari likiyumba polepole lami nzima. Ni vigumu kuamini kwamba chombo hicho kilibuniwa kiwe mahali pa kupumzikia. Kimeachwa kichakae, na fedha na fikra za kumstarehesha msafiri zimehamia nyuma ya vioo.

Pasi nyingi za siku moja hutoka benki. Kadi ya mkopo ya daraja la kati inayotolewa na Chase kwa jina la United humletea mwenye nayo pasi mbili za United Club kila mwaka. Kadi nyingine hutoa nafasi za kuingia katika launji za Priority Pass, mtandao ulioanzishwa Uingereza mwaka 1992 kwa ajili ya wasafiri wasiofungamana na shirika moja. Mashirika nayo huuza mlangoni: mwaka 2024 bei iliyotangazwa ya siku moja ilikuwa dola 59 kwa United na dola 79 kwa American, ilhali Delta ilikwisha kuacha kuuza pasi za mara moja tangu mwishoni mwa 2018. Sasa chukua mwenye kadi wa kawaida. Anasafiri mara moja kwa mwaka, kwenda kwa wazazi wakati wa sikukuu ya Thanksgiving, na ndege yake inakwenda moja kwa moja. Pasi ina tarehe ya mwisho. Desemba inafika na zile mbili ziko kwenye droo, hazijaguswa. Zilipokuwa za karatasi, hapakuwa na ugumu: alimpa mwenzake wa kazini anayesafiri na watoto, au jirani, au alimpitishia mtu wa kiti cha pili kwenye geti aliyeonekana ana saa tano za kungoja. Wanachama wa kulipa nao, kwa kuwa baadhi ya klabu huwaruhusu kuingia na wageni wawili, mmoja wao akiwa peke yake aliweza kufika mlangoni na mtu aliyekutana naye dakika hiyo, akasema, "Huyu yuko nami." Maneno matatu, na mlango wa kioo ukafunguka.

Kuna atakayeuliza kama kinachotolewa humo kina thamani ya kuandikiwa makala. Chakula hakina, nakiri. Launji ya kawaida ya shirika la Marekani huandaa vipande vya jibini vilivyokatwa mraba, karoti mbichi na vijiti vya figili, rojo la dengu nyeupe ambalo wao hulila kama achari, sufuria ya supu ya nyanya yenye kifuniko cha kukunja, na biskuti zilizofungwa moja moja. Chumvi haba, pilipili hamna. Bia na mvinyo wa kawaida ni bure, lakini juu ya kaunta kuna glasi kubwa yenye noti za dola moja moja, na anayeondoka bila kuongeza yake hutazamwa. Abiria wetu aliyebeba chapati na sambusa kutoka Silver Spring au Columbus, ambazo mashine za ukaguzi huzipitisha bila neno, amekula vizuri kuliko admirali yeyote. Tofauti ya mezani ni nyingine. Humo kila mtu hukaa peke yake, uso kwenye kompyuta au kwenye kioo, na sahani huondolewa na mikono ambayo beji zake mara nyingi zina majina ya Kihabeshi, Kihispania au ya Afrika Magharibi. Kwetu, mtu akifungua kifurushi cha chakula ndani ya basi la Mbeya, hawezi kutia tonge mdomoni kabla ya kumkaribisha wa jirani, hata kama wote wawili wanajua kwamba jirani atasema ameshiba.

Thamani ya kweli hujitokeza mambo yanapoharibika. Denver ni mahali pazuri pa kuliona hilo. Uwanja ule, uliofunguliwa mwaka 1995, una paa la kitambaa cheupe lenye vilele vilivyochongoka, na upande wa magharibi Milima ya Rocky inaonekana kana kwamba iko umbali wa kutembea. Theluji ikianguka kule, safari huahirishwa kwa mamia, na ukumbini hutokea foleni ambayo mkia wake hauonekani: kila mtu anataka kubadilishiwa ndege, na kaunta ina watumishi wawili. Ndani ya launji kuna dawati la watumishi wa shirika hilo hilo, wenye kompyuta hizo hizo, na mbele yao pengine wamesimama watu sita. Viti vilivyobaki kwenye ndege ya asubuhi ni vilevile kwa pande zote mbili, na huchukuliwa na anayefika kwanza kwenye kompyuta. Kwa hiyo pasi ya siku moja, siku kama hiyo, ni nafasi ya mbele katika foleni ambayo mwenye nayo amekwisha kuiruka bila kuonekana. Mama mwenye mtoto mchanga aliyepewa pasi na mtu asiyemjua ameondolewa usiku mzima wa sakafuni. Ndiyo maana siikubali hoja kwamba haya ni mambo ya starehe tu.

Na je, anayeingia ndiye anayestahili? Sheria zenyewe zinacheka. Mteja wa United aliyefikia daraja la dhahabu kwa kuzunguka Marekani yote haingii United Club kwa daraja hilo anaposafiri ndani ya nchi. Lakini mtu mwenye kadi ya dhahabu ya Ethiopian, kwa kuwa shirika hilo ni mwanachama wa Star Alliance, muungano mmoja na United, tangu Desemba 2011, anaingia akienda na United kutoka Chicago hadi Houston, bila kulipa hata senti. Mfanyabiashara wa vitenge anayepanda Ethiopian kila mwezi anakaribishwa pale ambapo mwenyeji aliyelipia tiketi zake kwa shirika lenye launji anaambiwa arudi ukumbini. (Wamarekani wanalijua hili na linawaudhi sana; sisi hatuna haja ya kuwaonea huruma kupita kiasi.) Delta imelifunga tundu hilo kwa upande wake: wenye daraja la juu la Kenya Airways na mashirika mengine ya muungano wake wa SkyTeam huingia ikiwa tu safari yao ni ya kimataifa. Kwa upande mwingine, American huwafungulia bila malipo wanajeshi wa nchi yao wanaosafiri nayo wakiwa kazini na wamevaa sare. Mkataba, uzalendo, biashara: mlango una sababu nyingi za kufunguka, na hakuna hata moja inayohusu ni nani amechoka. Sababu hiyo ililetwa na mtu binafsi aliyemtazama mwenzake ukumbini na kukata shauri. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na macho.

Siku hizi pasi nyingi zimehamia ndani ya simu na kufungwa kwenye akaunti yenye jina la mwenyewe. Utetezi wa kwanza ni kwamba pasi za karatasi zilikuwa zikiuzwa. Ni kweli. Ziliuzwa kwenye minada ya mtandaoni, wakati masharti yaliyochapishwa juu yake yalikataza, na mtu aliyekusanya kumi akawa mchuuzi. Sidharau malalamiko hayo. Kitu kilichotolewa zawadi kikigeuzwa bidhaa na mtu wa kati, mtoaji ana haki ya kukasirika. Lakini dawa iliyochaguliwa imeua mgonjwa na ugonjwa. Kati ya kumuuzia mtu na kumpa mtu kuna tofauti ambayo shirika, kwa kufunga pasi kwenye jina, limeamua kutoitambua, kwa kuwa kwenye vitabu vyake vyote viwili vinaonekana sawa: kiti kimekaliwa na mtu ambaye benki haikumlenga. Na hapo ndipo siri ilipo. Pasi isiyotumika ni faida. Imekwisha kulipiwa kupitia ada ya kadi, imemvutia mteja achukue kadi, na ikifa Desemba ndani ya droo haikugharimu hata kipande cha jibini. Pasi iliyogawiwa hula jibini.

Utetezi wa pili una nguvu zaidi, nao ni msongamano. Anayepita Atlanta au LaGuardia asubuhi ya Jumatatu ataona foleni ya watu wanaosubiri kuingia mahali pa kusubiri. Launji zingine huweka kibao mlangoni kwamba wenye pasi za siku hawapokelewi kwa sasa, wanachama tu. Mashirika husema: tukiruhusu kila mtu ampe mwenziwe, hapatakalika. Lakini tuangalie umati huo umetoka wapi. Delta peke yake ilipata takriban dola bilioni 7 mwaka 2023 kutokana na ushirika wake na American Express, na sehemu ya kilichouzwa ni ahadi ya kuingia launji zake, Sky Club, bila kikomo. Mnamo Septemba 2023 shirika hilo lilitangaza kupunguza ahadi hizo, wateja wakapiga kelele, na mkuu wake, Ed Bastian, akakiri hadharani kwamba walivuka mpaka. Wiki chache baadaye wakalegeza. Hata hivyo tangu Februari 2025 wenye kadi ya Platinum ya American Express wamewekewa ziara 10 kwa mwaka na wa Delta Reserve ziara 15, isipokuwa wanaotumia dola 75,000 kwa kadi hiyo katika mwaka. Umati uliletwa na walioziuza kadi kwa mamilioni. Yule aliyempa mama wa watu pasi mbili zake za Desemba hakujaza kitu.

India inalionyesha jambo hili kwa sura ya kuchekesha kidogo. Huko kadi za kawaida kabisa za benki, hata za akiba, zilikuja na haki ya kuingia launji kwa makato ya rupia 2, ambazo kazi yake ilikuwa kuthibitisha tu kwamba kadi ni hai. Familia zikaingia kwa rupia mbili mbili, zikala idli na biriani, na foleni za launji za Delhi na Mumbai zikawa ndefu kuliko za ukaguzi. Wagonjwa wetu na wasindikizaji wao wanaokwenda kutibiwa Chennai au Hyderabad wanazifahamu. Benki zikashtuka, zikaanza kudai mteja awe ametumia kiasi fulani katika robo mwaka iliyopita kabla ya kuruhusiwa. Unaweza kusema India inathibitisha hofu ya mashirika. Mimi naona inathibitisha kinyume: yaliyovunjika yalikuwa ni hesabu za matangazo. Pasi za kumpa mtu zina mpaka wake ndani yake, mbili kwa mwaka kwa kila mtoaji, na mpaka huo haukuwahi kuwa tatizo la mtu yeyote.

Utetezi wa tatu hutolewa kwa sauti ya upole: shirika ni mali ya watu binafsi, launji ni yao, wamkaribishe wamtakaye. Nusu yake nakubali. Nusu nyingine inasahau ardhi. O'Hare ni mali ya Jiji la Chicago. Denver ni ya mji na kaunti ya Denver. LaGuardia inaendeshwa na mamlaka ya umma ya bandari ya New York na New Jersey. Launji ni mpangaji. Mwenye nyumba ni umma, na umma una haki ya kuuliza kwa nini ghorofa yenye dirisha la kutazama milima imekodishwa na ukumbi wa chini umeachiwa viti vya chuma vyenye mikono katikati ili mtu asijilaze. Mji wa Charlotte, North Carolina, uliliuliza swali hilo bila kukusudia. Mwaka 1997 uwanja wake uliandaa maonyesho ya picha za baraza za mbele za nyumba za kusini, na kuyapamba kwa viti vya mbao vya kubembea vilivyopakwa rangi nyeupe. Maonyesho yalipokwisha viti viliondolewa, abiria wakavidai, vikarudishwa. Vipo hadi leo, kwenye ukumbi mkubwa wenye mwanga wa jua, vimetazama njia ya kuruka. Rubani mwenye kofia mapajani amekaa kando ya bibi mwenye mfuko wa plastiki. Kijana wa jeshi amelala, kiti kikimbembeza chenyewe kila anapovuta pumzi. Mtoto anakisukuma kwa nguvu kisichopaswa kusukumwa hivyo. Hakuna anayeangalia kadi. Mbao zimelika kwenye mikono kwa kushikwa. Admirals Club zipo Charlotte pia, na kwa kadiri macho yanavyoweza kuhukumu, nyuso zilizotulia zaidi ziko nje.

Huku nyumbani nasi tusijifanye watakatifu. Meli ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 na kuzunguka Ziwa Tanganyika kwa miongo, imekuwa na madaraja matatu, na wa la tatu walilala juu ya magunia ya dagaa. Boti za Dar es Salaam na Unguja zina vyumba vya waheshimiwa vyenye kiyoyozi. Jengo la tatu la uwanja wa Julius Nyerere, lililozinduliwa mwaka 2019, lina launji zake, na Jomo Kenyatta zipo kadhaa, za mashirika na za kulipia. Benki za Nairobi na Dar zimeanza kutangaza kadi zenye ziara za launji kwa maneno yale yale ya kwenye matangazo ya Marekani. Kwa hiyo anayesema haya ni matatizo ya wenye nazo, hayatuhusu, amechelewa. Mlango wa kioo umekwisha kuagizwa na fundi yuko kazini. Tofauti iliyobaki ni nje ya jengo, pale msafiri mmoja anapoteremshwa na gari la watu tisa, shangazi akiwa na kikapu, na sala fupi ikisomwa kando ya toroli. Watu hao hawaruhusiwi kupita ukaguzi. Kama kungekuwa na pasi ya kugawa, ingegawiwa hapo hapo, na kwa mabishano makubwa.

Mabenki yatajibu kwamba mambo sasa ni ya kidijitali, na kitu kilicho ndani ya simu hakigawiki kama karatasi. Mtu anaweza kumwambia hivyo Mmarekani akaelewa. Mkenya hawezi kuambiwa. Huduma ya Sambaza imemwezesha kumrushia ndugu yake salio la simu tangu zamani, na M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, ilijengwa juu ya jambo hilo moja: kitu chenye thamani, kilichofungwa kwenye jina la mtu, kikahamia kwenye jina la mwingine kwa kubonyeza namba. Kampuni ya simu iliogopa utapeli kama mashirika ya ndege yanavyoogopa wachuuzi, na jibu lake lilikuwa kuweka viwango: kiasi fulani kwa muamala, kiasi fulani kwa siku, na rekodi ya nani kampa nani. Watu wanatumiana fedha za karo, za matanga na za nauli ndani ya viwango hivyo. Ziara mbili za launji kwa mwaka, zenye jina la mtoaji na la mpokeaji, zingeingia kwenye mfumo kama huo bila mhandisi kukesha hata usiku mmoja.